Waombolezaji wa Hässelby

Kila nionapo watu wamevaa miwani nyeusi penye theluji, naikumbuka asubuhi tuliyotoka Fisksätra, kitongoji tulichoishi, mama na mimi, bila kujua tunakwenda wapi. Ulikuwa mwezi wa tatu, nami nilikuwa msichana wa miaka tisa. Siku iliyotangulia simu ilikuwa imelia kutoka Bukavu, alikobaki baba. Mama alinifunga skafu, tukapanda treni, kituo cha Slussen tukabadili, tukakaa ndani mpaka mwisho wa njia, Hässelby.

Njiani niliuliza swali langu la kila siku: baba atakuja lini? Siku zote alijibu, "Theluji ikiyeyuka." Siku hiyo aligeukia dirisha.

Ziwa lilikuwa limeganda, jeupe hadi ng'ambo, na jua lilivyolipiga, macho yaliniuma hadi machozi yakanitoka. Ufukweni wazee wa Kiswidi walikaa kwenye benchi ndefu, kimya, nyuso juu, wote na miwani nyeusi. Kwetu watu hukaa hivyo msibani.

"Hawa wako kwa kilio," mama alisema. "Uwape pole. Uwaulize wamefiwa na nani."

Niliona haya, lakini Kiswidi chote cha nyumbani kilipitia kwangu. Bibi mmoja akacheka kidogo. Hakuna aliyekufa, alisema. Walikuwa wakiota jua baada ya giza la miezi. Theluji huurudisha karibu mwanga wote, hivyo jua hukupiga kutoka juu na tena kutoka chini, na jicho huweza kuungua kama ngozi. Nilifurahi mno kulijua jambo hilo. Nikamweleza mama, nikitaraji acheke.

Aliketi bila kukaribishwa.

"Basi umwambie sisi ndio tumefiwa," alisema, akitazama ziwa. "Umwambie mume wangu amezikwa jana."

Nikatafsiri. Nilisema "mume wake", kama nilivyozoea kusema maofisini, kisha nikasikia mume huyo ni nani.

Bibi alivua miwani yake, akanivalisha. Wengine wakasogea. Tulikaa nao hadi jua lilipojificha nyuma ya misonobari.

Miaka mingi nilimkasirikia mama kwa kunifanya nijitangazie msiba wa baba. Niliacha shule mapema, nikatangatanga. Nimeona baridi ya Bergen iliyo mvua tupu, ya Warszawa yenye moshi wa makaa, ya Winnipeg inayogandisha kope. Kote nimeuliza watu kuhusu theluji na macho. Nilichochelewa kukielewa kilikuwa cha kwetu: mtu haambiwi kifo akiwa peke yake. Hutafutwa watu kwanza, wakaketi naye, ndipo neno lisemwe. Mama hakuwa na watu. Alinizungusha mji mzima akiwatafuta.

Jana nilipigiwa simu kuhusu mama, nikiwa peke yangu. Leo nimefika mji mgeni, nikapata chumba. Mwenye nyumba aliponiuliza habari za safari, nilimwomba kwanza aketi.