Nilimwita Mkwe Wangu Mchawi

Jumapili, mlangoni mwa kanisa, nilimwita mkwe wangu mchawi. Wala sikunong'ona.

"Umemchukulia Dumana maziwa!" nikampayukia Todosia. "Ng'ombe wangu anakauka, wewe unanenepa!"

Alikuwa amempakata Ilinca, mjukuu wangu wa wiki sita. Wanawake wakafanya ishara ya msalaba. Mwanangu, mumewe, yuko Italia anajenga nyumba za watu, kwa hiyo hakuwepo wa kumtetea.

Hapa kwetu milimani ng'ombe akikauka ghafla, tunatafuta aliyemroga. Nilimfunga Dumana uzi mwekundu kwenye pembe, nikamnyunyizia maji ya baraka, na aliponipiga teke nikamtwanga kwa kigoda hadi kikavunjika. Ndoo ikabaki tupu. Tangu Jumapili hiyo Ilinca naye akawa analia njaa kutwa, mashavu yakimsinyaa. Titi la mama yake halikutoa kitu.

"Umelipwa!" nikamwambia mama yake. Ndiyo, nilisema hivyo.

Jumatano akaja Pintea, daktari wa mifugo. Akapapasa kiwele.

"Mama Saveta, mbona kimejaa?"

"Kimejaa nini, upepo?"

"Maziwa. Ameyabana. Ndama wake yuko wapi?"

"Nimemuuza."

"Na kigoda hiki kimevunjikia wapi?"

Nikakisogeza nyuma yangu kwa mguu. Akamchoma Dumana sindano. Punde maziwa yakashuka, ndoo ikajaa.

"Hiyo ni oksitosini," akasema. "Homoni. Mwili wake huitoa wenyewe akimlamba ndama, akiguswa kwa upole. Akitishwa, inagoma. Sasa usinitegemee mimi na sindano kila siku. Mwimbie."

"Nimwimbie ng'ombe? Watasema nimerogwa mimi!" Nikacheka.

"Waache waseme. Hata mwanamke anayenyonyesha, ukimfokea maziwa hayashuki." Alikuwa ananawa mikono, hakujua kwamba anayeambiwa ndiye aliyefoka.

Kicheko kilinikauka. Niliona aibu hata ya kumtazama Dumana machoni.

Nikaenda chumbani kwa Todosia, msamaha wangu nimeupanga neno kwa neno. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nikamsikia Ilinca akimeza, gudu, gudu, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Nikasukuma mlango.

Todosia akashtuka, akajifunika kifua. "Samahani, mama! Nakuja sasa hivi kupika."

Mtoto akaachia titi, akaangua kilio.

Nilirudi kinyumenyume, nikaufunga mlango polepole, nikaenda kukaa zizini. Msamaha nitauomba Jumapili, mlango ule ule wa kanisa, kwa sauti ile ile. Siku hiyo nilichokuwa nacho cha kumpa kilikuwa kimoja tu, kuondoka ili mtoto anyonye.