Adui Aliyegoma Kuingia

Askari arobaini walisimama mbele ya lango langu na hawakuingia. Lango lilikuwa wazi. Ndani nilikuwa na wapiga mishale wawili na ghala lililojaa nafaka. Nilimaliza zamu yangu, nikabonyeza, nikasubiri nichinjwe. Zamu ya adui ikapita: wakasogea hatua moja kushoto. Zamu iliyofuata wakasogea hatua moja kulia, kama ng'ombe waliosahauliwa na mchungaji. Zamu ya tatu wakageuka, wakarudi walikotoka.

Kichefuchefu kilinipanda palepale, na sikuwa na mimba tena ya kuisingizia.

Ilikuwa siku yangu ya ishirini na mbili tangu nijifungue, ndani ya chumba cha nyumbani kwa mama mkwe, kijijini Singe. Huku kwetu mzazi hatoki nje mpaka siku zake za uzazi ziishe. Anapewa uji wa siagi, supu, maziwa. Hashiki ndoo, hashiki jembe. Wanasema ni heshima. Mimi naona ni kufungwa huku unanenepeshwa. Mume wangu anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, anakuja mchana na pikipiki, anambeba mtoto dakika kumi, anaondoka. Yeye ndiye aliyeniwekea gemu kwenye simu, eti nisichoke.

Ni gemu la vita la kupeana zamu. Unajenga kijiji, unalima, unaandikisha askari, halafu unaiachia kompyuta nayo ifanye yake. Hakuna haraka. Mtoto akilia unaacha, ukirudi adui bado anakungoja. Na kabla ya kuanza unachagua ngazi: rahisi, kawaida, au ngumu.

Nilichagua ngumu kwa sababu ya mwanamke mmoja.

Ni jirani, anasali jumuiya moja na mama mkwe. Alikuja wiki ya kwanza na kuku mmoja na mdomo wake.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mzazi. Hongera. Kidume kabisa! Ulijifungua salama?"

"Salama mama. Kwa oparesheni."

"Aaa." Akamgeukia mama mkwe kana kwamba mimi nimetoka chumbani. "Siku hizi wanapenda njia rahisi hawa. Analala, anaamka, anakabidhiwa mtoto. Sisi tulisukuma, mwenzangu, we acha tu."

Halafu akanywa supu yangu, bakuli mbili.

Mimi nilikuwa nimesukuma tangu alfajiri mpaka alfajiri nyingine. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, nikatapika mpaka nikawa natapika maji ya kijani, ndipo wakanipasua. Lakini mzazi hajibizani na wageni. Nikameza. Alipoondoka nikafungua gemu, nikabonyeza Ngumu.

Nilipigwa mara sita mfululizo. Nilitukana ile simu matusi ambayo sikujua kama ninayajua. Halafu wiki iliyofuata mambo yakageuka, nikaanza kushinda. Nilishinda mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamwambia mume wangu, nikamwambia mama mkwe, hata yule jirani aliporudi nikamwambia: "Mama, nimeshinda ngazi ya juu kabisa."

"Ehee," akasema. "Ya simu."

Sikujali. Kila kitu kingine ndani ya chumba kile nilipewa. Chakula nilipewa, maji ya kuoga niliandaliwa, tumbo nilikandwa, hata mtoto, kama alivyosema yule mama, nilikabidhiwa. Ushindi ule tu ndio nilioupata mwenyewe.

Ndiyo maana wale askari arobaini walinitia kichefuchefu. Niliingia kwenye mipangilio ya gemu. Pale nilipoweka Ngumu kwa kidole changu, palikuwa pameandikwa Rahisi.

Mume wangu alipofika mchana sikumwacha hata avue kofia ya pikipiki.

"Nani amegusa gemu langu?"

"Gemu gani?"

"Usiniulize gemu gani. Niliweka Ngumu, leo naikuta Rahisi. Mtoto ana siku ishirini na mbili, kusoma hajui."

Akaangalia viatu vyake. Mwanaume akiangalia viatu, ujue jibu umeshalipata.

"Tangu lini?"

"Wiki mbili sasa. Ulikuwa unaoga."

"Kwa hiyo zile mara nilizoshinda..."

"Lakini ulicheza vizuri, mke wangu. Hata Rahisi siyo kila mtu..."

"Usinipambe!"

"Mama ndiye aliyesema."

Mama ndiye aliyesema. Mtu mzima mwenye ndevu. Na huyo mama mwenyewe alikuwa mlangoni na bakuli la uji na mwiko, hakuona hata aibu.

"Ndiyo, nimesema mimi," akasema. "Unafoka na simu huku mtoto ananyonya. Hasira inaingia kwenye maziwa. Yanachacha, halafu yanakauka."

"Mama, maziwa ya mtu hayachachi kwa sababu ya gemu."

"Nani amekuambia?"

"Nilisoma biolojia mpaka kidato cha nne."

"Mimi nilizika mmoja kabla ya huyu." Akamwonyesha mume wangu kwa mwiko. "Mwezi mzima niligombana na mama mkwe wangu, maziwa yakakatika. Hiyo biolojia yako ilikuwa wapi?"

Akaweka uji, akatoka. Hakuna aliyekuwa amewahi kuniambia habari ya huyo mtoto. Nilimwonea huruma, kweli. Na nilichukia kulazimishwa kumwonea huruma wakati hasira yangu naye bado ilikuwa ya moto. Yule jirani aliniona sijapitia kitu kigumu. Hawa nao wakaona sikiwezi. Sijui ni nani alinichefua zaidi.

Nikarudisha Ngumu. Safari hii sikufoka. Nilihesabu.

Kwenye lile gemu, shamba moja linalisha askari wawili, hilo linajulikana na liko hapo limeandikwa. Nikatuma mpelelezi kwa adui. Akakuta mashamba matatu. Nikahesabu askari waliokuwa wanakuja kwangu: ishirini na mmoja. Mashamba matatu, askari ishirini na mmoja! Wanakula nini, udongo? Nikajenga ghala la pili nyuma ya mlima, mahali ambapo hakuna askari wake hata mmoja aliyewahi kukanyaga. Zamu mbili baadaye wakaja moja kwa moja mpaka mlangoni pa ghala, kama bodaboda aliyeelekezwa kwa simu.

Nilivyoendelea kumchunguza, nikaona ni yuleyule wa Rahisi. Anasogea kushoto, anasogea kulia, anaacha lango wazi, anashambulia ukuta mnene wakati upande wa pili kuna tundu. Hana akili zaidi hata punje moja. Redioni kila siku tunaimbiwa akili mnemba, akili mnemba. Basi hii ya simu yangu ni zuzu lililopewa magunia chini ya meza na kuonyeshwa mahali nilipoficha vitu vyangu. Hiyo ndiyo Ngumu niliyoililia. Kwenye Rahisi zuzu limekatazwa kuingia, kwenye Ngumu zuzu limebebwa mgongoni. Na mimi katikati nimeumwa kichwa wiki tatu nikidhani napimwa.

Nilifuta ile vita yote. Nilimkumbuka yule mama na supu yangu, na mizani yake ya kupimia matumbo ya wenzake, nikatamani kutema mate, ila sakafu ilikuwa imepigwa deki.

Jumapili, walipotoka kanisani, nilimkalisha mume wangu kitandani. Lile gemu watu wawili wanaweza kucheza kwa simu moja: wewe zamu yako, unampa mwenzako, naye zamu yake. Hapo ngazi haipo. Kila mtu ana mashamba sawa na mwenzake, na kichwa chake mwenyewe.

"Siwezi kukupiga wewe na kidonda," akasema.

"Kidonda kiko tumboni. Cheza."

Mama mkwe akavuta kigoda, akakaa mlangoni. "Ukifoka naichukua hiyo simu."

"Sitafoka, mama."

Nikamweka mtoto kwenye titi, tukaanza. Mwanzoni nilimtangulia. Kisha nikafanya kosa: nilipeleka askari wengi mtoni, nikaacha kijiji na watatu. Yeye akaona. Akaleta kumi na wawili mpaka langoni kwangu. Lango lilikuwa wazi.

Akaliangalia lango. Akamwangalia mama yake. Halafu akawasogeza hatua moja kushoto.

"Ingia," nikamwambia.

"Nilitaka wapumzike kwanza."

"Ingia."

"Mama anaangalia."

"Na mimi naangalia." Sikupandisha sauti hata kidogo, mtoto alikuwa ananyonya macho yamefumba. "Ukinionea huruma tena, usije huku mchana. Kaa hukohuko dukani na misumari yako. Ingia."

Akaingia. Aliua wale watatu, akachoma ghala, akachukua kijiji. Zamu nne, nimekwisha. Masikio yalikuwa yananiwaka moto. Nilikuwa nimepigwa kwa kosa langu mwenyewe, na lilikuwa kosa la kijinga, na nililiona wazi lilipokuwa.

Mama mkwe akainuka. Akaja mpaka kitandani, akakinga kiganja chake chini ya titi la pili.

"Kamua."

"Mama!"

"Kamua."

Nikakamua. Akalamba kiganja, akatulia, akalamba tena. Mume wangu akageukia ukutani.

"Hayajachacha," akasema, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyeshindwa kesi.

Nikanyoosha mkono kwa mume wangu.

"Lete simu. Safari hii naanza mimi."