Kuzala ni Bure

Juma lililopita nilimpeleka mtoto wangu mwenye malaria kwenye kituo cha afya hapa Masisi. Mbele yangu dirishani alisimama mama mmoja kutoka Kirolirwe. Binti yake alikuwa benchini, uchungu umemshika.

"Papa, si mulibandikaka hapa karatasi ya KUZALA NI BURE?" alimuuliza muuguzi, akionyesha ukuta. Zilibaki alama za gundi tu.

"Mama, ile ilikuwa ya serikali ya zamani. Wakubwa wapya walisema tuitoe. Sasa munalipa kwanza, njo anaingia." Hakumtazama, alikuwa akipanga mihuri yake.

Mama alikaza kitenge akaenda sokoni kukopa. Sisi wa foleni tuliangalia viatu vyetu. Aliporudi, binti alikuwa amezalia pale pale benchini, na mtoto hakulia.

Alimfunika mjukuu kwa kitenge, kisha akaigusa ile gundi kwa kidole.

"Karatasi haikudanganya," akasema. "Amezala bure."

Redioni, wakubwa wa pande zote mbili, wa zamani na wapya, bado wanabishana nani mwenye hilo neno "bure". Wamwachie yule mama. Ndiye aliyelilipia.