Nani Atanikanyagia Breki

Tarehe kumi na nne Machi alifariki mke wangu, na pamoja naye nilipoteza mtu pekee aliyejua kunikanyagia breki. Watu wakisikia hivyo huona nafanya mzaha. Sifanyi. Kutoa upepo kwenye breki nyumbani ni kazi ya watu wawili. Mmoja yuko chini penye tairi, anafungua na kufunga nati ndogo kwa spana. Mwingine yuko penye usukani, anakanyaga na kushikilia mpaka aambiwe achia. Akiachia nati ikiwa wazi, upepo unarudi ndani na kazi imeharibika. Mke wangu alilalamika sana, lakini mguu wake ulibaki palepale.

Siku moja kabla ya arobaini tulitakiwa kupanda Matombo, milimani, alikozikwa kwa ukoo wa mama yake, kama ilivyo kwetu Waluguru. Gari letu ndilo lingembeba mama mkwe, watoto wangu wawili na masufuria. Asubuhi hiyo nilikuwa nimebadilisha mpira uliokuwa ukivujisha mafuta ya breki, tairi la nyuma kushoto, na upepo ulikuwa umeingia. Ukikanyaga, pedeli ilizama kama mguu kwenye tope la masika.

Aliyejitolea kukanyaga ni mtani wetu. Nimpe haki yake kwanza. Siku ya mazishi alishuka kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Nilicheka huku machozi yananitoka, na nilimshukuru. Hiyo ndiyo kazi ya mtani.

"Kanyaga," nilimwambia.

"Nimekanyaga, baba watoto!" akajibu kwa sauti nyembamba, ya mke wangu kabisa. "Fanya haraka, mguu wa mtu mzima huu! Fundi gani, nati moja mpaka adhuhuri?"

Uani wakacheka. Nikavumilia. Nikafungua nati, mafuta yakatoka na mapovu yake kupitia kimpira chembamba nilichochomeka kwenye nati hadi kwenye chupa. Kabla sijafunga, nikaona mafuta yanarudi nyuma na upepo unayafuata. Alikuwa ameachia.

"Nimesema uachie?"

"Sasa marehemu atashikilia mpaka lini? Marehemu amepumzika!"

Wakacheka tena. Nilimwambia atoke kwenye gari langu, na sikusema kwa upole.

"Shemeji, mtani hakasirikiwi," kaka wa mke wangu akaniambia. Akaingia yeye, akapampu pedeli. "Mbona inashika! Ukipampu mara mbili tatu inakuja juu. Twende, jua linapanda."

Hasira ile ninayo hata sasa ninapoandika. Utani na kifo naukubali, kifo kimeshapita. Lakini kwenye mteremko wa mlimani, barabara inateleza, lori la ndizi linakuja mbele yako, nani ana nafasi ya kupampu mara mbili tatu? Halafu tukitumbukia bondeni, haohao waliokuwa wakicheka ndio watakaolia kwa sauti kubwa na kusema siku yetu ilifika. Siku ni ya Mungu, sikatai. Nati ni yangu mimi. Na wale watoto walikuwa wamebakiwa na mzazi mmoja.

Nikatia ufunguo mfukoni. "Gari haliendi."

"Jamani, anamgomea dada yangu arobaini yake!" shemeji akapaza sauti, ili majirani wasikie.

Kama ningefungua mdomo, ningesema maneno ambayo ukoo usingeyasahau.

Mama mkwe, aliyekuwa akikaa nasi tangu msiba, akatoka ndani. Mimi na yeye tulikuwa tunaheshimiana kwa mbali. Hata mkeka mmoja hatukukalia. Aliwapita wote, akaingia penye usukani, akavua kandambili.

"Nikanyage wapi?"

"Hiyo ya katikati, mama."

Nikalala chini. Sasa ikawa tabu nyingine: mtu hamwamrishi mkwewe.

"Mama, naomba ukanyage."

"Nimekanyaga."

"Mama, naomba ushikilie hapohapo." Nikafungua, mapovu yakatoka, nikafunga. "Naomba uachie."

"Umefunga?"

"Nimefunga, mama."

Ndipo akaachia. Kila mara aliuliza hivyohivyo, na hakuna mara hata moja mguu wake ulitangulia jibu langu. Tukaenda tairi kwa tairi, tukamalizia la mbele upande aliokaa, mpaka mafuta yakawa yanatoka safi bila povu. Pedeli ikawa ngumu. Nikalitoa gari peke yangu hadi barabarani, nikafunga breki tena na tena. Lilisimama kila nilipotaka lisimame.

Tukapakia masufuria, watoto wakaingia. Mtani akafungua mlango wa nyuma, mguu mmoja ndani.

"Wewe shuka," mama mkwe akamwambia. "Panda bodaboda."

"Mama, na nauli je?"

"Si umesema wewe marehemu? Marehemu hatozwi nauli."

Uani kote wakaangua kicheko, na shemeji akiwemo. Mimi sikucheka, nilikuwa bado na hasira. Nilifunga mlango ule wa nyuma, nikakaa penye usukani, nikaondoa gari.