Vitundu vya Kunasa Mwanga

Figo zake zilipokufa, dada yangu wa Ibra, Oman, akawa anaishi kwa mashine ya kusafishia damu. Mama yetu aliondoka kwa ugonjwa uo huo. Mimi nilikuwa chuo kikuu Nizwa, nikibuni kipande cha silikoni, chembamba kuliko unywele, kilichotobolewa vitundu kwa mpangilio maalumu. Mwanga ukiingia hunaswa katikati kabla ya kutoka upande wa pili. Tone la mkojo wenye protini, dalili ya figo kuharibika, likigusa pale, rangi ya mwanga hubadilika kidogo, na ugonjwa wa figo ungejulikana mapema.

Vitundu sikuvipanga mimi. Kompyuta ilivisogeza, ikakokotoa mwanga utakavyokwenda, ikabakisha mpangilio uliozidi ule wa kwanza, ikaanza tena. Miezi ikapita. Mwisho ikatoa mchoro wa ajabu, vitundu vimekaa ovyo, lakini kwenye hesabu mwanga ulitulia kuliko nilivyowahi kuona. Nikamtumia dada picha yake.

"Mbona kama nguo iliyoliwa na nondo?" akanambia kwenye simu, akicheka. Kisha akasema, "Mie nshakwisha. Kifanye kwa ajili ya mwanangu."

Tulikipeleka kuchongwa nje ya nchi. Kiliporudi nikakiweka kwenye meza ya leza. Mwanga haukutoka. Nikajaribu tena na tena, mpaka mwalimu wangu akaja akaizima leza mwenyewe. Kwenye hadubini tukaona vitundu vimetoka vikubwa kidogo tu kuliko vya kwenye mchoro. Kompyuta ilikuwa imechagua umbo lisilostahimili kosa hata chembe.

Ijumaa nikaenda Ibra.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kimefanya kazi?"

"Hakikufanya."

Mkono wake ulikuwa umevimba pale wanapoingiza sindano. "Si ulinambia kompyuta imesema kizuri?"

"Ilisema. Lakini hatukuiambia kuwa wachongaji hukosea."

"Basi iambie," alisema, akafumba macho.

Alifariki kabla joto halijaanza. Baada ya aza, siku za maombolezo, nikarudi Nizwa, nikaianzisha hesabu upya, safari hii kila mpangilio ukijaribiwa na vitundu vilivyokosewa makusudi. Ukapatikana mchoro wa kawaida. Kipande kipya kinapitisha mwanga, lakini mkojo wa mgonjwa na wa mzima bado hakiwezi kuutofautisha.

Mwanawe alipimwa hospitali, kwa vipimo vya kawaida. Protini ilikuwa imeshaanza kutoka kwenye mkojo. Shemeji, baba yake, ndiye aliyenipigia kunambia. Nikamwomba anisomee majibu yote, nikayaandika pembeni ya mchoro.