Kamba ya Urefu Wangu

Muhula ule, mwalimu wetu wa darasa la tatu aliamua kwamba masomo yote yatoke katika jiwe moja. Lilisimama nyuma ya shule yetu, magharibi ya Shinyanga, juu ya jiwe jingine, kana kwamba liliwekwa hapo jana likasahauliwa. Tulilichora, tukaliimbia, tukaandika imla kulihusu. Siku ya hesabu akasema tutaujua urefu wake bila kulipanda.

Alinichagua mimi. Alijaribu kunipima nikiwa nimesimama, lakini kamba ya mkonge iliteleza kichwani.

"Lala chali," akasema. "Mikono ubavuni. Usitikisike."

Nililala mchangani. Akainyoosha kamba kutoka utosini hadi kisiginoni, akaikata kwa kisu.

Nilikwisha kuliona jambo hilo mara moja tu. Baba zangu wadogo walimpima babu hivyo hivyo alipofariki, wakaenda na kamba kuchimba, kisha wakaitupa kaburini pamoja naye. Kwetu, aliye hai hapimwi akiwa amelala.

Nikasimama juani, tukangoja mpaka kivuli changu kikalingana na kamba. Hapo, kila kivuli kikiwa sawa na mwenyewe, wenzangu wakakikimbilia kivuli cha jiwe na kukipima kwa kamba ile ile, wakihesabu kwa sauti.

"Kumi na moja!" akapiga kelele msichana niliyekaa naye dawati moja. "Maiti kumi na moja, Mwalimu, zimebebana!"

Darasa zima likacheka. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa huko, alicheka pia, akaitundika kamba kwenye msumari kando ya ubao.

Tangu siku hiyo sikusoma, niliitazama kamba. Nilikihesabu kila kikohozi changu. Nyumbani sikuthubutu kusema, kwa kuwa mama alikuwa mjamzito na habari za makaburi hazikutamkwa mbele yake. Usiku, juu ya ngozi ya ng'ombe niliyolalia na mdogo wangu, nilikunja magoti hadi kidevuni nisiufikie urefu ule. Miaka mingi baadaye, chuoni, mkufunzi alipochora vivuli na pembetatu ubaoni, nilitoka nje nikakaa ngazini.

Siku ya kufunga shule nilibaki kufagia. Niliitungua kamba, nikakanyaga ncha moja, nikaivuta nyingine juu. Haikufika utosini, palibaki upana wa vidole viwili. Leo najua kwamba paa lilivuja muhula mzima na mkonge ukilowa hunywea ukafupika. Siku ile niliamini nimekua, na kwamba kamba si yangu tena.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni akinisubiri.

"Dada, nami nipime!"

Kabla sijamjibu alikwisha kulala sakafuni, mikono ubavuni, akijizuia kucheka. Kutoka nilipokuwa nimesimama niliona bila kupima: kamba ilimtosha.

"Inuka!" Nilimvuta mkono hata akalia.

Niliificha kamba ndani ya gauni. Kuizika sikuweza, hiyo ndiyo kazi yenyewe iliyokuwa ikiisubiri. Nyuma ya jiko nilichukua kisu cha mama nikaikata vipande vifupi kuliko mtoto yeyote niliyemjua. Ndipo nikamsikia mama ndani akiguna, akijiinua polepole kwa ajili ya tumbo lake, nikavikata tena.