Kitufe cha Embile

Ulikuwa mwaka tuliokula ugali wa muhogo mpaka tukaona aibu kupokea wageni. Jua lilikuwa limebabua migomba, na kwetu Kanazi mtu aliyeshiba ugali bado husema hajala. Ndizi zikawa za kutafutwa. Ndipo mjukuu wangu wa kike akaja na kompyuta yake kutengeneza tovuti ya kikundi chetu cha akina mama, ili wanunuzi wa Bukoba mjini, Muleba na hata wavuvi wa Bumbire waone nani ana ndizi gani. Ilikuwa kazi yake ya kwanza. Mwenyekiti wetu asipoikubali, amerudi mikono mitupu.

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini macho ninayo. Nilikaa ubavuni mwake, namenya muhogo, natazama. Alichora kitufe kimoja tu, akakilea kama mtoto: hakijaguswa, cheupe; kikiguswa, kijani. Akakiita kitufe mama. Kisha akawa anatoa nakala na kubadilisha maneno: Za kupika. Za kuchoma. Za kuivisha. Akimviringisha mama pembe, watoto wote wanaviringika pale pale.

“Kama machipukizi ya mgomba,” nikasema.

“Haya yangu yanatii, Bibi. Yako yanaota yanakotaka.”

Nilicheka mpaka muhogo ukaniponyoka. Akaniachia nijaribu. Nikagusa Za kupika, ndizi nyingine zote zikatoweka. Nikamwambia ana akili kuliko baba yake, na baba yake ni mwanangu, namjua.

Kisha nikatafuta embile yangu. Nusu ya shamba langu ni embile, ndizi ya kukamulia olubisi, pombe yetu. Nikagusa hiki, nikagusa kile, haipo. Nikagusa cha mwisho, Nyinginezo. Nikaikuta huko, kati ya kuni na mafagio.

“Nani kaitupa huku?”

Akainama. “Mwenyekiti. Anasema pombe haifai kwa akina mama wa kanisa.”

“Embile haikai kwenye Nyinginezo.”

“Bibi, atakataa kazi yote!”

“Kitufe kipya kinachukua muda gani?”

Alivuta nakala moja, akaandika Embile. Sikuwa nimemaliza kumenya hata kipande kimoja.

Jumamosi mwenyekiti akaja kukagua. Aligusa kimoja kimoja, anatabasamu, mpaka akafika kwenye Embile.

“Waitu, tafadhali mama, hiki tukiondoe.”

“Wewe uliposwa kwa kinywaji gani?” nikamuuliza.

Akarudisha macho kwenye kompyuta.

“Kwa olubisi wa shamba hili. Marehemu mume wangu ndiye aliyezikanyaga embile zile, na baba yako akanywa mpaka akaenda nyumbani na kiatu cha mshenga.”

Mjukuu wangu akaziba mdomo. Mwenyekiti mwenyewe kicheko kilimtoka puani, akajikaza.

“Sawa, mama. Lakini irudi kule nyuma tu, isionekane sana. Binti kazi yake nimeipenda. Akikitoa hicho, naikubali leo leo.”

Nikamtazama mtoto. Kidole chake kilikuwa karibu kabisa na kitufe. Akakiondoa, akaweka mikono mapajani.

“Mwulize Bibi,” akasema. “Shamba ni lake.”

Nilitaka kumkumbatia, lakini mikono yangu ilikuwa na utomvu wa muhogo. Nikamgeukia mwenyekiti.

“Embile haikai kwenye Nyinginezo.”